Cicely Williams: Daktari aliyejifunza jina la ugonjwa kutoka kwa akina mama

VIDONDA vya kinywani na midomo iliyopasuka kwenye pembe ni mambo ambayo wazazi wengi huyachukulia kuwa madogo. Mtoto hupakwa mafuta, hupewa dawa ya kusukutua, na siku husonga. Hata hivyo, vidonda visipopona, au vinapopona na kurudi tena na tena, huenda kinywa kinatangaza maradhi yaliyojificha kwingine mwilini.

Miongoni mwa madaktari waliolielewa jambo hilo mapema barani Afrika ni Cicely Delphine Williams, mwanamke aliyeueleza ulimwengu wa tiba ugonjwa wa kwashiakoo, au unyafuzi kama kamusi za Kiswahili zinavyouita. Alifariki mwaka wa 1992 akiwa na umri wa miaka 98. Maisha yake ni kisa cha mtu aliyepata ukweli kwa kuwasikiliza wanawake wa kawaida, kisha akalazimika kuutetea ukweli huo mbele ya wakubwa ambao hawakuwa tayari kuusikia.

Williams alizaliwa Desemba 2, 1893, katika eneo la Westmoreland nchini Jamaica, ambako jamaa zake walikuwa wameishi kwa vizazi kadhaa. Babake alikuwa mkurugenzi wa elimu katika kisiwa hicho. Alipotimiza umri wa miaka 13 alipelekwa Uingereza kusoma. Baadaye alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Oxford, lakini akaiahirisha ili arudi nyumbani kuisaidia familia yake.

Hatimaye alijiunga na chuo cha Somerville, Oxford, mwaka wa 1917. Wakati huo vijana wengi wa kiume walikuwa katika medani za Vita vya Kwanza vya Dunia, na madarasa ya udaktari yalikuwa na upungufu wa wanafunzi. Mlango ambao kwa kawaida ulikuwa mwembamba kwa wanawake ulifunguka kidogo, naye akaingia.

Alihitimu mwaka wa 1923. Alifanya kazi katika hospitali ya watoto mashariki mwa London, na huko akang'amua jambo lililomwongoza maisha yake yote. Aliona kwamba daktari hawezi kumtibu mtoto ipasavyo bila kujua mtoto huyo analala wapi, anakula nini na nani anayemlea. Kumpa dawa na kumrudisha katika mazingira yaleyale yaliyomdhuru kulikuwa sawa na kutwanga maji kwenye kinu.

Kupata kazi ya kudumu nchini Uingereza hakukuwa rahisi kwa daktari wa kike baada ya vita. Kwa muda alihudumu nchini Ugiriki, kisha akasomea tiba ya nchi za joto jijini London. Mwaka wa 1929 serikali ya kikoloni ilimtuma Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana.

Watoto wa Accra

Jijini Accra, Williams alihudumu katika Hospitali ya Watoto ya Princess Marie Louise, iliyokuwa imefunguliwa mwaka wa 1926. Wagonjwa walikuwa wengi na wauguzi wachache. Badala ya kulalamika tu, aliwafunza wauguzi wa kienyeji, akaanzisha kliniki za kuwatazama watoto wakiwa wazima, na akawa akiwatembelea akina mama majumbani mwao.

Katika pilkapilka hizo aliona kundi la watoto waliomtatiza. Wengi walikuwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na minne. Miguu na mikono yao ilikuwa imevimba, nyuso zimefura, nywele zimepoteza weusi wake, na ngozi ilibambuka vipande vipande kana kwamba imeungua. Waliharisha. Walikuwa wakali na wanyonge kwa wakati mmoja, hawataki kucheza, hawataki kushikwa.

Zaidi ya hayo, vinywa vyao vilikuwa na vidonda. Katika maelezo yake ya kwanza Williams alivitaja vidonda vya utando laini wa mwili kuwa mojawapo ya dalili kuu. Mtoto mwenye vidonda kinywani hawezi kutafuna, na anayeharisha hafaidiki hata na kile kidogo anachokimeza. Hivyo ugonjwa ulijilisha wenyewe: kadiri mtoto alivyokosa chakula ndivyo kinywa chake kilivyomzuia kula.

Wengi wa watoto hao walifariki. Madaktari wengine walidhani kwamba ni kaswende ya kurithi, au minyoo, au ugonjwa wa ngozi unaoitwa pellagra. Williams hakuridhika. Alifanya uchunguzi wa maiti yeye mwenyewe, na akakuta maini ya watoto hao yamejaa mafuta isivyo kawaida. Kazi hiyo karibu imtoe uhai, kwani katika uchunguzi mmojawapo alijikata na kupata maambukizi mabaya ya damu wakati ambapo hapakuwa na dawa za kuua bakteria.

Hata hivyo, jibu la kitendawili hicho hakulipata katika chumba cha maiti. Alilipata kwa kuuliza. Aliwauliza akina mama wa jamii ya Wagaa ugonjwa huo wanauita nini, nao wakamwambia kwamba ni kwashiorkor. Walimweleza kuwa ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa aliyeondolewa kwenye nafasi yake baada ya mdogo wake kuzaliwa.

Ndani ya neno hilo moja mlikuwa na utambuzi wa ugonjwa na chanzo chake. Mama anapopata mimba nyingine, mtoto wa kwanza huachishwa ziwa ghafla. Hupoteza maziwa ya mama, ambayo yalikuwa chakula chake bora, na badala yake hupewa uji au chakula kilichotengenezwa kwa unga wa mahindi uliochachishwa, bila maziwa, nyama, samaki wala maharagwe ya kutosha. Tumbo lake hujaa, lakini mwili hubaki na njaa.

Mgala muue lakini haki yake mpe. Williams alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni, na mfumo aliotumikia uliwadharau wenyeji. Lakini yeye hakuona haya kukiri kwamba wanawake wale walikuwa wameujua ugonjwa huo kabla yake. Alipowaandikia madaktari wenzake hakuubandika jina la Kilatini wala jina lake mwenyewe. Alitumia jina walilompa akina mama.

Mzozo na mabingwa

Mwaka wa 1933, Williams alichapisha makala yake ya kwanza katika jarida la Uingereza kuhusu maradhi ya watoto. Aliuita ugonjwa huo ugonjwa wa lishe unaohusishwa na mlo wa mahindi, na akapendekeza kwamba huenda kuna upungufu fulani wa protini. Alieleza pia kwamba baadhi ya watoto waliopewa maziwa walipata nafuu.

Upinzani haukukawia. Hugh Stannus, bingwa wa pellagra aliyekuwa amewachunguza wafungwa katika koloni la Nyasaland, ambalo leo ni Malawi, alishikilia kwamba Williams hakuwa amegundua lolote jipya. Kwa maoni yake, watoto wale walikuwa na pellagra tu.

Mtu asiwe mwepesi wa kumlaumu Stannus. Pellagra nayo huwapata watu wanaotegemea mahindi pekee. Nayo pia huleta vidonda vya kinywa, ulimi mwekundu wenye maumivu, ngozi inayobambuka na kuharisha. Mtu aliyetazama kinywa peke yake angeweza kukosea kwa urahisi.

Williams alijibu mwaka wa 1935 katika jarida la The Lancet, na hapo ndipo neno kwashiorkor lilipochapishwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya tiba. Alionyesha tofauti. Madoa ya pellagra hushika sehemu za ngozi zinazopigwa na jua, ilhali ya watoto wake hayakufuata mpangilio huo. Tena watoto wake walivimba, na walikuwa wa umri mahususi: wale waliotoka tu kuachishwa ziwa.

Mabishano hayo yalifika Afrika Mashariki pia. Daktari Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka wa 1929 na kuhamia Uganda miaka ya 1930, alikuwa akiwaona watoto wenye dalili zizo hizo. Mwanzoni naye aliamini kwamba ni pellagra, na mwaka wa 1937 alichapisha makala yenye msimamo huo.

Mwaka uo huo wanasayansi wa Marekani waligundua kwamba niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B, huponya ugonjwa wa ulimi mweusi kwa mbwa, ambao ni sawa na pellagra ya binadamu. Sasa palikuwa na kipimo. Kama watoto wa Afrika walikuwa na pellagra, niasini ingewaponya. Haikuwaponya.

Trowell alibadili msimamo. Mwaka wa 1945, yeye na daktari Mganda Eria Muwazi walichapisha utafiti uliouchukulia ugonjwa huo kuwa aina ya pekee ya utapiamlo mkali. Mwaka wa 1954, Trowell na wenzake wawili wa Kampala walitoa kitabu kizima kilichobeba jina lile lile la Kigaa. Miaka takriban 20 ilikuwa imepita tangu Williams alipoandika. Muda wote huo watoto waliendelea kufa huku mabingwa wakibishana kuhusu jina.

Maziwa ya mkebe

Williams mwenyewe hakuwa tena Gold Coast. Alikosana na wakubwa wake, na mwaka wa 1936 akahamishiwa Malaya, maelfu ya maili kutoka kwa wagonjwa aliokuwa akiwachunguza. Waliomhamisha huenda walidhani wamemnyamazisha.

Huko Malaya alikuta balaa la aina nyingine. Watoto wachanga walikuwa wakifa kwa kuharisha na utapiamlo kwa sababu mama zao walikuwa wameshawishiwa kuacha kuwanyonyesha na badala yake kuwapa maziwa mazito ya mkebe yenye sukari nyingi. Wanawake waliovaa mavazi yanayofanana na ya wauguzi walitumwa kuyapigia debe maziwa hayo kwa akina mama waliotoka tu kujifungua.

Mwaka wa 1939 alialikwa kuhutubia klabu ya Rotary jijini Singapore. Mbele ya wafanyabiashara na watu wenye hadhi, alitoa hotuba aliyoiita Maziwa na Mauaji. Alisema bila kupepesa macho kwamba kumshawishi mama aache kunyonyesha kwa ajili ya faida ni kuua, na kwamba wanaohusika wanastahili kuadhibiwa vikali.

Ilichukua miaka 42 kwa dunia kumfikia. Mwaka wa 1981, Baraza Kuu la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti uuzaji wa vyakula vinavyotumiwa badala ya maziwa ya mama. Kenya ilipitisha sheria yake kuhusu jambo hilo mwaka wa 2012.

Kifungoni Changi

Wajapani walipoivamia Malaya mnamo Desemba 1941, Williams alikuwa kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Alikimbilia Singapore, lakini kisiwa hicho nacho kilianguka Februari 1942. Alizuiliwa pamoja na raia wengine katika gereza la Changi, na akawa miongoni mwa viongozi wa wanawake waliofungwa humo.

Baadaye polisi wa kijeshi wa Japani walimchukua wakimshuku kwa ujasusi. Alikaa miezi kadhaa katika seli finyu, akihojiwa na kuteswa, akiwa amebanwa pamoja na wafungwa wengine ambao baadhi yao walikuwa mahututi. Vita vilipomalizika mwaka wa 1945 alikuwa kitandani, akiugua kuhara damu na beriberi, ugonjwa wa upungufu wa vitamini B1. Bingwa wa lishe alikuwa amefunzwa na mwili wake mwenyewe jinsi upungufu wa chakula unavyoharibu mishipa ya fahamu. Miguu yake ilibaki na ganzi.

Hata katika dhiki hiyo hakuacha kazi. Alisimulia baadaye kwamba watoto 20 walizaliwa kifungoni, wote 20 wakanyonyeshwa na mama zao, na wote 20 wakanusurika. Kwake yeye huo ulikuwa ushahidi uliotosha kuhusu thamani ya maziwa ya mama.

Mwaka wa 1948, Shirika la Afya Duniani lilipoanza kazi, Williams aliteuliwa kuwa mkuu wa kwanza wa kitengo cha afya ya mama na mtoto. Miaka michache baadaye ripoti iliyofadhiliwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ilithibitisha kwamba kwashiakoo ilikuwa imeenea katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Daktari aliyehamishwa kwa kuwa msumbufu alikuwa amethibitishwa kuwa sahihi.

Aliendelea kufundisha na kushauri katika nchi nyingi, ikiwemo Lebanon, ambako alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut. Mwaka wa 1972 alitoa kitabu kuhusu huduma za mama na mtoto akishirikiana na Derrick Jelliffe, aliyewahi kuwa profesa wa tiba ya watoto Makerere. Kinga na tiba, alisisitiza daima, hazipaswi kutenganishwa.

Alikosea wapi?

Haki inadai tuseme kwamba Williams hakupata kila jibu. Baada ya kazi yake wataalamu wengi waliamini kwamba kwashiakoo ni upungufu wa protini tu, na fedha nyingi zikamwagwa katika kutengeneza vyakula vya protini. Kufikia miaka ya 1970 ilionekana wazi kwamba maelezo hayo hayatoshi. Watoto wawili wanaweza kula mlo mmoja katika nyumba moja, mmoja akavimba na mwingine akakonda tu.

Utafiti uliofanywa miongoni mwa pacha nchini Malawi na kuchapishwa mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba bakteria wanaoishi tumboni wana mchango wao. Maambukizi, uhaba wa virutubisho kadhaa kwa pamoja na udhaifu wa mwili katika kujikinga na sumu pia vinahusishwa. Ikumbukwe kwamba Williams mwenyewe alikuwa mwangalifu: katika makala ya 1933 alitaja protini kama uwezekano, si kama hukumu ya mwisho.

Matibabu nayo yamebadilika. Mtoto aliyelemewa hashindiliwi vyakula vya protini siku ya kwanza, kwa sababu ini lake haliwezi kuvihimili. Kwanza hukingwa dhidi ya baridi na upungufu wa sukari mwilini, hutibiwa maambukizi, na hupewa maziwa maalumu yenye protini kidogo. Akishapata hamu ya kula, hupewa chakula cha kujenga mwili, kama vile ule mchanganyiko wa njugu karanga, maziwa, sukari, mafuta na vitamini uliobuniwa nchini Ufaransa mwaka wa 1996. Wengi wa wasio na matatizo mengine sasa hutibiwa wakiwa nyumbani.

Somo kwa wazazi

Kinywa hutoa habari mapema kwa sababu utando wake hujifanya upya upesi kuliko sehemu nyingi za mwili. Virutubisho vinapopungua, hapo ndipo uharibifu huonekana haraka. Pembe za midomo hupasuka na ulimi kuwa laini na mwekundu mtoto anapokosa vitamini za kundi B, madini ya chuma au zinki.

Lakini si kila kidonda cha kinywa ni utapiamlo. Utando mweupe usiokwisha unaweza kuashiria kuvu, na wakati mwingine virusi vya HIV. Vidonda vinavyorudi pamoja na tumbo kufura na mtoto kudumaa huweza kutokana na utumbo kutostahimili protini ya ngano. Midomo inayovimba kwa miezi mingi bila sababu huenda ikawa dalili ya ugonjwa wa Crohn, unaoshambulia utumbo, na kuna watoto ambao midomo yao hutangulia kuvimba kabla tumbo halijauma.

Lipo pia donda baya liitwalo noma, ambalo huanza kama kidonda cha ufizi kwa mtoto dhaifu na kuula uso kwa muda wa siku chache. Shirika la Afya Duniani liliuongeza ugonjwa huo katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa mnamo Desemba 2023. Likigunduliwa mapema, donda hilo hutibika kwa dawa za kuua bakteria, usafi wa kinywa na lishe bora.

Kwa hivyo, mzazi anayeona vidonda vimedumu zaidi ya majuma mawili, au vinarudi kila mara, asiishie kwenye duka la dawa. Amfikishe mtoto kwa mhudumu wa afya, apimwe uzito na urefu, na achunguzwe mwili mzima. Iwapo miguu yote miwili imevimba, na ukiibonyeza kwa kidole panabaki shimo, mtoto huyo apelekwe hospitalini siku iyo hiyo.

Naye mhudumu wa afya ana funzo lake kutoka kwa Cicely Williams. Kabla ya kuandika dawa, amuulize mama mtoto amekula nini, aliachishwa ziwa lini, na nani amezaliwa nyuma yake. Kisha angoje jibu, kwa maana wanawake wa Accra walikuwa nalo miaka mingi kabla ya daktari yeyote kuwauliza.